Sinia la Bi Mahfudha

Mbagala Kizuiani
Alhamisi, 5 Machi 1992

Dada yangu Mwamvita, assalaam alaykum. U hali gani huko Tanga? Mguu umepungua kuvimba, au bado unakusumbua ukipanda ngazi? Shemeji hajambo, na wajukuu, na wale kuku wako wanaoingia mpaka chumbani? Sie huku ni wazima wa kusema mbele za watu, alhamdulillah, isipokuwa mwanao Munira, na habari zake ndizo nitakazokuandikia.

Mara ile ulinilaumu kwamba nakuandikia pale tu jambo likishaharibika, ukabaki kushika kichwa. Basi mwezi huu nimeazimia kukuandikia kidogo kidogo kila nikipata nafasi, tarehe juu kama tulivyofundishwa kisomo cha watu wazima, nikutumie zote pamoja baada ya Idi. Usinicheke mwandiko.

Leo tumetoka kwa daktari mwingine, kijana aliyerudi masomoni juzijuzi. Unajua tulivyohangaika: kuhara kusikokwisha, mikono imekonda tumbo limejaa, damu imepungua, nywele zinabaki kwenye kitana. Tumekunywa dawa za minyoo, tumekunywa kombe la ustadhi, tumebadilisha hospitali. Huyu hakutoa dawa. Alimuuliza Munira anakula nini tangu asubuhi mpaka anapolala, kisha akaniuliza maradhi yalianza lini. Nikamwambia tangu bidhaa zilipoanza kurudi madukani. Nilisema hivyo kwa sababu tu sikukumbuka mwaka, lakini yeye aliacha kuandika akaniangalia. Akasema tumbo la mtoto huyu halikubali ngano. Aache mkate, chapati, maandazi na biskuti, asionje hata kipande, na si kwa wiki mbili, ni maisha yake yote. Na asifunge mpaka damu irudi.

Dada, njia nzima nilikuwa nakumbuka miaka ya foleni. Tulikula muhogo, mtama, na ule unga wa njano uliotushinda harufu, na Munira mashavu yalikuwa yanang'aa. Kisha ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa, mikate ikajaa. Nilisujudu kwa shukrani. Nikamnunulia mwanangu boflo nzima, nikamwambia kula, mama, ya kwako peke yako.

Harusi ni Mfunguo Mosi, tukishamaliza Ramadhani, na kwa kina Badru, mchumba wake, hawajui neno. Nimemwambia Munira tunyamaze. Nani atapokea mke wa kuuguza maisha, tena nyumba yenye duka ambayo mkate kwao ni kama maji?

Ijumaa, 6 Machi

Ramadhani mosi. Munira amekataa kula mchana. Anasema jirani akimwona anakula ataenda kutangaza kwamba ana mimba. Baba yake, Mfaume, amemfokea, kisha amekwenda mwenyewe kumpikia uji wa mtama, yeye ambaye hajui hata chumvi inakaa wapi. Binti kanywa, kalia, kanywa tena.

Jumapili, 8 Machi

Nimetoka kununua futari na nimerudi nimechoka kama niliyelima. Sikujua ngano imeingia kila mahali. Muuza vitumbua nilimuuliza kama ni mchele mtupu, akasema mchele mtupu, mama, halafu mwenzake pembeni akacheka, basi nikaviacha. Muuza bajia nilimuuliza kama katia ngano kwenye dengu, akaniuliza kama siku hizi nimekuwa bwana afya. Nikamwambia naumwa tumbo. Akasema kama unaumwa tumbo, bibi, bajia umefuata nini? Nikashika njia.

Nimerudi na muhogo, magimbi, ndizi mzuzu na mchele wa kwenda kusaga. Mkate na unga wote uliokuwa ndani nimegawa. Nimenunua pia tambi pakiti kadhaa, za kukaanga na kutia tui na iliki. Laini, hazichoshi tumbo la mgonjwa.

Jumanne, 10 Machi

Leo limekuja sinia la kwanza kutoka Gongo la Mboto. Unajua desturi yetu, binti akishachumbiwa, mwezi wa Ramadhani kwa mume wanamletea futari, na sinia halirudi tupu. Limeletwa na Polikarpo, dereva wa pikapu ya duka lao, amelifunika kawa jekundu. Nimefunua nikakaa chini. Boko boko ya ngano na kuku, sambusa, kaimati, chapati za ajemi, na tambi. Bi Mahfudha, mama yake Badru, ana mkono, hilo siwezi kumnyima. Lakini kila kitu mle ni sumu kwa mwanangu isipokuwa tambi.

Munira kala tambi, mengine nimewapelekea jirani. Sinia nimelirudisha na magimbi ya nazi na salamu tele.

Nakwambia wewe tu, yule mama namwogopa. Siku ya posa hakusema maneno kumi. Alikaa na bangili zake akawa anatazama viganja vya Munira, vile mifupa ilivyotokeza, mpaka binti akaviingiza ndani ya buibui. Nilijua anahesabu kasoro.

Alhamisi, 12 Machi

Mvua imeanza. Sinia limekuja tena. Tambi kwa Munira, vingine kwa jirani.

Jumamosi, 14 Machi

Munira hali si nzuri. Usiku hakulala, na leo kaanguka uwani akienda chooni. Nimemshuku, dada. Nilijua anakula mkate kwa siri. Nimepekua chini ya godoro lake, nimepekua mkoba, nimemwambia nipe mdomo ninuse kama mtoto mdogo. Alifungua mdomo. Kisha akaniuliza taratibu tu, "Mama, nile mkate wa nani? Nyumba nzima umeifagia."

Sikumwomba radhi. Nilikwenda kuswali nikasahau rakaa.

Jumatatu, 16 Machi

Mvua. Munira vilevile. Nimemkaangia tambi nyingi apate nguvu.

Jumatano, 18 Machi

Kumeharibika. Jana Polikarpo alisahau kawa lake, akageuza gari, akakuta futari ya bosi wake inaliwa na watoto wa jirani barazani, kuku na kila kitu. Alichukua kawa akaenda. Lakini leo kaja Bi Hija, somo yake Munira ambaye ndiye mshenga wetu, uso umemnywea. Anasema huko Gongo la Mboto maneno yamefika. Bi Mahfudha ameuliza: huyo binti anakula chakula chetu, au anatuona sie wachafu?

Bi Hija kanishauri niseme ukweli. Mfaume naye alishanishauri. Wote wanaona rahisi kwa sababu si wao watakaobaki na binti aliyeachwa na mchumba mbele ya mtaa mzima. Nikasema hapana. Tutasema alikuwa na homa.

Bi Mahfudha anatualika tufuturu kwake Ijumaa. Mie na Munira na Bi Hija. Huo si mwaliko, hiyo ni baraza ya kesi.

Ijumaa, 20 Machi

Naandika usiku huu huu, mwandiko utausoma hivyohivyo.

Tulifika alasiri, mvua inanyesha. Nilimwambia Munira njiani, nguo zimetulowania, kwamba ashike tambi na tende, vingine aguse kwa vidole tu ajifanye anakula. Akanitazama, akaitika.

Wanawake wa nyumba ile walimchukua Munira sebuleni. Mie, kwa adabu, nikaenda jikoni kusaidia. Bi Mahfudha alikuwa chumba cha uani na mashine ndogo ya chuma iliyofungwa ukingoni mwa benchi, anazungusha mpini wake. Humo ndani zimetandwa kamba ukuta kwa ukuta, na juu ya kamba zimening'inia tambi, nyuzi maelfu, nyeupe, maana nje mvua haziwezi kuanikwa. Ukipita lazima uiname. Wanazitengeneza wenyewe na kuziuza dukani mwezi mzima. Nilisema mashallah, kazi nzuri. Akaniambia nimsogezee donge. Nikatazama lilikotoka hilo donge. Gunia la unga wa ngano, mdomo wazi, bakuli limezama ndani.

Nikamuuliza, na nilijua kabla sijamaliza kuuliza, tambi hizi ni za ngano?

Bi Mahfudha akacheka, mara ya kwanza kumwona akicheka. "Bi Mwanabaraka, kwani kwenu Mbagala tambi zinaota?"

Dada, mie tambi nazijua za pakiti. Kwenye pakiti ni tambi, basi. Miaka yote ya foleni hazikuwepo, ziliporudi nikazinunua kama mtu anavyonunua sukari, sijawahi kujiuliza zimetokana na nini. Daktari alisema mkate, chapati, maandazi, biskuti. Hakutaja tambi, nami sikuuliza. Wiki mbili nimemlisha mwanangu kile kile nilichomfukuzia nyumbani, tena nikimwongezea kila akidhoofika. Na kinywa chake nikanusa.

Sikumbuki nilivyorudi sebuleni. Adhana ilikuwa imeshatoka, wamekaa mduara, sinia katikati. Bi Mahfudha akaingia nyuma yangu, akakaa karibu na Munira, akavua bangili, akanawa. Kisha akachota tonge la boko boko, akalifinyanga vizuri, akalipeleka kinywani kwa mwanangu. Ndiyo desturi yao, mkwe humlisha bibi harusi tonge la kwanza kwa mkono wake, na wote wanatazama. Munira akanigeukia. Hakunisihi. Alikuwa anangoja nimwambie afanye nini, na nikaona akifungua mdomo.

Nikamshika Bi Mahfudha mkono, mbele ya wanawake wa ukoo wake.

Nikasema, "Asile. Ni ngano. Inamuua."

Bi Hija akasema astaghfirullah. Bi Mahfudha hakuuvuta mkono. Akaniuliza, "Inamuua vipi?"

Nikamweleza yote, mbele za watu, nilivyoshindwa kumweleza faraghani. Kuhara, tumbo kujaa na mikono kukonda, nywele kukatika. Kwamba miaka ya njaa alinawiri na miaka ya shibe ameisha. Kwamba tuliwaficha, na chakula chao nikawapa jirani. Nilipofika kwenye nywele alilirudisha tonge kwenye sahani. Nilipomaliza alijifuta vidole kimoja kimoja, akainuka, akatoka. Tukasikia mlango wa uani unafungwa. Hakurudi.

Tulifuturu tende na maji. Mzee Zahor, mumewe, alimwita Polikarpo aturudishe na pikapu. Njiani Bi Hija alisema neno moja tu, kwamba kumshika mkwe mkono akilisha hajapata kuona.

Munira kalala. Nimemwomba radhi, kwa tambi na kwa kumnusa. Amesema, "Umeshika mkono wake, mama. Basi tumemalizana."

Jumapili, 22 Machi

Hakuna sinia.

Jumatatu, 23 Machi

Hakuna sinia. Jirani kauliza mbona wakwe leo wamechelewa.

Jumatano, 25 Machi

Tangu Ijumaa Munira hajala tambi. Dada, amelala usiku kucha. Asubuhi kaniambia ana njaa, njaa ya kweli, kala ndizi na samaki akaomba zaidi. Nimefurahi mpaka nikalia, kisha nikalia kwa jambo lile jingine. Mwenyezi Mungu amenipa kwa mkono huu na kunichukulia kwa ule. Nasema astaghfirullah, lakini ndivyo nilivyowaza.

Sinia hakuna.

Jumamosi, 28 Machi

Bi Hija alikwenda Gongo la Mboto kuulizia. Hakupokewa. Wamemwambia Bi Mahfudha amejifungia, hatoki, hazungumzi na mtu, na mashine ya tambi imesimama wakati huu wa biashara. Badru kamwambia Bi Hija yeye yupo palepale kwenye ahadi yake, lakini mama hamjibu hata salamu.

Basi nimefahamu. Ameudhika, na nyumba ile akiudhika yeye hakuna harusi. Nimemsema vibaya leo, dada, mbele ya Munira. Nimesema ni mwanamke wa bangili, moyo wake upo kwenye heshima ya sinia lake, mtoto wa mwenzake kufa kwake si kitu. Munira akaniambia nimefunga, nichunge ulimi.

Jumanne, 31 Machi

Leo nimeingiwa na haya ambayo sijawahi kuijua.

Baada ya adhuhuri, mvua kubwa, pikapu ikasimama. Akashuka Bi Mahfudha peke yake, hana sinia, hana bangili hata moja. Buibui limelowa mpaka magotini. Hakungoja kukaribishwa kitini, alikaa kwenye mkeka, nami nikakaa. Munira akaja akamwamkia, shikamoo mama, akaitikia bila kumtazama. Akawa ananitazama mie.

Akaniuliza, "Huyo daktari wako alisema ni ngano, au alisema labda ni ngano?"

Nikasema alisema ni ngano. Nikamwambia kwamba tangu Ijumaa ile tumeacha na tambi, na binti anaamka mwenyewe.

Akatikisa kichwa. Ndipo akasema Badru hakuzaliwa wa kwanza. Kabla yake alikuwepo Afrah. Alikufa kabla ya vita vya Idi Amin, hajaanza shule. Alikuwa na tumbo kubwa na mikono kama vijiti, na nywele ukizishika zinabaki mkononi. Walisema kijicho, wakasema jini, wakampeleka mpaka Unguja. Na siku zote hizo yeye mama alikuwa anampikia boko boko, maana kwao ndicho chakula cha kumpa mgonjwa nguvu.

"Alikuwa hataki," akasema. "Anafumba meno. Nilikuwa namshika pua, akifungua mdomo avute pumzi natia kijiko. Kijiko chake kidogo cha fedha, alichopewa alipozaliwa. Akitapika nakwenda kupika ingine."

Dada, nitasema nini? Mie ambaye nilikuwa naongeza tambi. Tofauti yetu ni kwamba mie nilikuta gunia liko wazi.

Akaniuliza kama na Afrah ilikuwa ngano. Alitaka nijibu. Nilitaka kumwambia hapana, kumpunguzia, na nilitaka kumwambia ndiyo, maana naona ni ndiyo. Nikamwambia, "Sijui, Bi Mahfudha. Mie namjua Munira tu." Akasema ahsante kama mtu aliyepewa kitu.

Nilimshika mkono, ule ule niliomshika mbele za watu. Nilikuwa nikiuona kama mkono wa mtu mwenye kiburi. Na siku ile ya posa, alipokuwa anatazama viganja vya mwanangu, sasa najua alikuwa anamtazama nani.

Kabla ya kuondoka akasema harusi ipo. Lakini anataka binti ahamie kwake mara baada ya Idi, asingoje tarehe ya harusi tuliyopanga. Ameshatoa ngano yote ndani ya nyumba, amesema, na tambi zilizokuwa kwenye kamba amewaambia wazitoe. "Niachie nimlishe mie, kwa mkono wangu. Safari hii nitamlisha sawa." Na hapo ndipo alipomgeukia Munira kwa mara ya kwanza, akamtazama kwa namna iliyonitoa jasho. Hakuwa anamtazama mke wa mwanawe.

Nilisema tutazungumza na baba yake.

Alipoondoka nilimuuliza Munira. Akasema, "Mama, mie naolewa na Badru. Siolewi badala ya Afrah." Kisha akaenda kuanua nguo zilizonyeshewa, na nilimsikia huko nje analia, na sidhani alikuwa anajililia yeye.

Alhamisi, 2 Aprili

Mfaume anasema aende, mtoto atakula salama kuliko nyumba yoyote Dar es Salaam. Kweli. Nami nasema, atakula salama, lakini atapumua?

Ijumaa, 3 Aprili

Wanasema huenda mwezi ukaandama leo. Sinia limekuja.

Polikarpo amelibeba kwa mikono miwili kama mtoto. Nimefunua: mkate wa kumimina wa mchele, muhogo wa nazi, pweza, kunde, na bakuli la boko boko iliyopikwa kwa mchele, imepondwa laini kabisa, samli juu. Polikarpo anasema mama mwenyewe amesaga mchele ule kwenye kinu kipya, amekataa upelekwe mashine maana hajui kilichosagwa kabla yake. Adhana ilipotoka nimeionja mie kwanza. Ni tamu, dada. Hata ngano haikuonekana kukosekana.

Na pembeni ya bakuli, juu ya kitambaa cheupe, kijiko kidogo cha fedha cha mtoto.

Nilitaka kukificha. Munira alikuwa ameshakiona. Alikaa mbele ya sinia mpaka adhana, akaanza kwa tende, kisha akachukua kile kijiko akala boko boko yote, kidogo kidogo, maana hakibebi kingi. Alipomaliza alikiosha, akakifuta, akakiweka pale pale juu ya kitambaa. Akaniambia, "Nimekula chake. Sasa sijui, mama, amenipa au ameniazima."

Jumamosi, 4 Aprili

Idi mubarak, dada. Takbira zimejaa mtaani na mvua imetupa nafasi ya kwenda kuswali. Munira amevaa gauni la kijani ulilomtumia, linampwaya bado, lakini leo amefunga kifungo cha kiunoni tundu la pili.

Sinia lipo kabatini na haliwezi kukaa hapa. Polikarpo atalifuata Jumapili ya tarehe 12, ndiyo siku tutakayotoa jibu la kuhama. Magimbi nitatia, na vibibi vya mchele nitapika mwenyewe. Lililonishinda ni kijiko. Nikikirudisha atajua nimemwambia binti wangu si wako. Nikikibakisha nitakuwa nimemwambia ni wako, na mie nina mmoja tu.

Wewe umezika wawili na umeoza watatu. Karatasi hizi nampa kondakta wa basi la Tanga kesho asubuhi. Tafadhali nijibu haraka, kabla ya Jumapili hiyo, uniambie nikirudishe au kibaki.

Mdogo wako,
Mwanabaraka